TEKNOLOJIA: Kwa nini tarakilishi mpya huisumbua Linux kuliko kuukuu

TANGU Microsoft iliposimamisha msaada wa kawaida wa Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025, jina la Linux limeanza kutajwa hata na watu ambao awali hawakuwa na haja nalo: wenye saiba, makarani wa afisi ndogondogo na walimu wanaosimamia maabara za tarakilishi shuleni.

Sababu yao ni nyepesi kueleweka. Linux haiuzwi. Mtu huipakua bila malipo, akaisakinisha katika mashine moja au arubaini pasi na kudaiwa leseni, na fedha alizookoa akazielekeza kwenye mashine zenyewe.

Hapo ndipo mambo huharibika. Mnunuzi huyo, akiwa na akiba yake mkononi, hufululiza hadi Luthuli Avenue au Moi Avenue jijini Nairobi na kuitisha tarakilishi ya mezani iliyo mpya kabisa, yenye prosesa ya mwaka huu na kadi ya grafiki iliyotoka juzi, akiamini kwamba kilicho kipya hakiwezi kumwangusha.

Akifika nyumbani na kuisakinisha Linux, kiwambo kinasalia cheusi. Au Wi-Fi haionekani. Au maandishi yanatokea makubwa kama ya bango la barabarani. Stakabadhi nayo imepigwa muhuri wa maneno ambayo kila mteja nchini anayajua: bidhaa zikishauzwa hazirudishwi.

Ajabu ni kwamba tarakilishi kuukuu ya mwaka wa 2018, iliyotumika katika afisi ya ng'ambo kabla ya kuletwa huku kama mtumba, huenda ikaipokea Linux iyo hiyo bila hata kukohoa. Ili kuelewa kioja hiki, msomaji anahitaji kujua jambo moja tu kuhusu Linux: mahali draiva zake hutoka.

Kila kifaa kilichomo ndani ya tarakilishi huhitaji mkalimani. Kadi ya mtandao ina lugha yake, kadi ya grafiki ina yake, na printa vilevile. Draiva ndiyo mkalimani huyo. Ni programu inayoelewa lugha ya kifaa fulani au ya ukoo mzima wa vifaa, ikaufasiria mfumo wa tarakilishi.

Kwa mtumiaji wa Windows, draiva huandikwa na kampuni iliyotengeneza kifaa. Kifaa kinapofika dukani, draiva yake huwa tayari imeshakamilika, kwani hakuna kampuni inayoweza kuthubutu kuuza kitu ambacho hakifanyi kazi katika Windows.

Linux ilishika njia nyingine. Kwa maana yake halisi, Linux si mfumo mzima bali ni kiini cha mfumo, yaani keneli, ambayo Linus Torvalds aliitangazia dunia mnamo Agosti 1991 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Draiva karibu zote za Linux huishi ndani ya keneli hiyo. Hazitafutwi kwenye CD iliyo katika boksi la kifaa, wala katika tovuti ya mtengenezaji. Huja na keneli, zikasasishwa na keneli.

Utaratibu huu una faida kubwa ambayo hutajwa kwa nadra. Kifaa kikishaingizwa katika keneli huendelea kuhudumiwa miaka na mikaka, hata baada ya kampuni iliyokiunda kukisahau au kufilisika. Ndiyo maana mashine ya mtumba haisumbui. Kila kipuri chake kilikwisha kujulikana zamani.

Hasara yake ni upande wa pili wa sarafu hiyo. Keneli iliyotolewa kabla kifaa hakijazaliwa haiwezi kukijua.

Wasanidi wa Linux hawalali. Toleo jipya la keneli hutoka kila baada ya wiki 9 au 10, likiwa na draiva za vifaa vipya. Hata hivyo, mtumiaji wa kawaida hachukui keneli peke yake. Huchukua mkusanyo ulioandaliwa kwa ajili yake, kama vile Ubuntu, Debian, Fedora au Linux Mint, ambamo keneli imefungashwa pamoja na maelfu ya programu nyingine. Waandalizi wa mikusanyo iliyo tulivu huteua toleo moja la keneli, wakalijaribu kwa miezi kadhaa, kisha wakaligandisha.

Debian 12, kwa mfano, ilitolewa Juni 2023 ikiwa na keneli 6.1 iliyotoka Desemba 2022. Ubuntu 24.04 ilitolewa Aprili 2024 ikiwa na keneli 6.8. Dosari za usalama huendelea kurekebishwa kwa miaka mingi katika keneli hizo, lakini kazi ya kuzifunza vifaa vipya huachiwa matoleo yanayofuata.

Kwa hivyo, swali ambalo wanunuzi wengi huuliza, yaani kama Linux "inaikubali" kadi fulani, halina jibu la maana. Swali lenye jibu ni la tarehe mbili: kifaa hiki kiliingia sokoni lini, na keneli nitakayoisakinisha ilitoka lini? Tarehe ya kifaa ikitangulia ile ya keneli kwa mwaka mmoja au zaidi, mara nyingi hakuna tatizo. Tarehe ya keneli ikitangulia, jiandae kwa kazi.

Kisa cha kadi ya grafiki ya Intel iitwayo Arc A770 kinalidhihirisha hili. Kadi hiyo ilianza kuuzwa Oktoba 2022. Wakati huo toleo tulivu la Ubuntu lilikuwa 22.04, ambalo lilikuwa limetoka miezi sita awali likiwa na keneli 5.15. Kadi ilikuwa nzima, Ubuntu ilikuwa nzima, lakini havikufahamiana. Keneli ya kwanza kuzihudumia kadi za ukoo huo bila mtumiaji kuilazimisha kwa amri maalumu ilikuwa 6.2, iliyotoka Februari 2023.

Hali ilikuwa iyo hiyo kwa kadi ya AMD Radeon RX 9070, iliyoingia sokoni Machi 2025. Mtu aliyeitia katika tarakilishi yenye Ubuntu 24.04 katika hali yake ya awali alikuwa akiitaka keneli ya Machi 2024 itambue kadi ambayo ingezaliwa mwaka mmoja baadaye.

Kwa upande wa grafiki, keneli peke yake haitoshi. Mambo hapa yanasimama juu ya mafiga matatu. Figa la kwanza ni keneli. La pili ni Mesa, mkusanyiko wa programu unaogeuza maagizo ya michezo, video na madirisha kuwa kazi ambayo kadi inaielewa. La tatu ni fimwea, yaani programu ndogo inayopakiwa ndani ya kadi yenyewe kila mashine inapowashwa. Mtumiaji akiisasisha keneli na kuyasahau hayo mawili, chungu bado kitapinduka.

Dalili za figa linalokosekana hazifanani na dalili za kadi mbovu, na ni vyema kuzijua kabla ya kugombana na mwenye duka. Mara nyingi picha huonekana, ila kwa vipimo vya chini, na video hukwamakwama huku feni ya prosesa ikivuma. Maana yake ni kwamba Linux imeshindwa kuitumia kadi na kumwachia prosesa kazi ya kuchora kila nukta kwenye kiwambo.

Prosesa zenyewe hazina matata mengi, kwa kuwa hata mpya huendelea kuelewa maagizo ya zile za kale. Lakini kuna kisa cha mwaka wa 2019 ambacho mafundi bado hukisimulia. Prosesa za AMD Ryzen 3000 zilipotoka Julai mwaka huo, agizo mojawapo linalotakiwa kutoa nambari ya bahati nasibu lilikuwa likirudisha nambari ileile kila mara.

Programu ya systemd, ambayo ndiyo huamsha huduma zote za Linux mashine inapowashwa, ilikuwa imeanza kulitegemea agizo hilo katika matoleo yake mapya. Matokeo yakawa kinyume cha kawaida: mikusanyo mipya ya Linux ikagoma kuwaka ilhali ile ya zamani iliwaka. Tiba haikutoka kwa Linux pekee, bali pia kwa kusasisha BIOS ya bodi kuu. Ndiyo sababu fundi mzoefu, akipewa mashine mpya, huanza kwa kutazama kama mtengenezaji wa bodi ametoa BIOS mpya.

Je, anayetaka mashine mpya na mkusanyo tulivu afanyeje? Ubuntu ina njia ya kati. Toleo tulivu hutolewa kila baada ya miaka miwili mwezi wa Aprili, na baadaye hutengenezewa nakala zilizohuishwa zenye keneli ya karibuni zaidi. Ubuntu 24.04.3, iliyotolewa Agosti 2025, ina keneli 6.14 ingawa jina lake ni la 2024. Tarakimu hiyo ndogo ya mwisho, ambayo wengi hawaijali, ndiyo inayoweza kuamua kama kiwambo kitawaka. Usikubali flashi ambayo rafiki aliitengeneza miaka miwili iliyopita; pakua nakala ya karibuni.

Debian nayo ilitoa toleo la 13 mnamo Agosti 2025 likiwa na keneli 6.12. Fedora huendelea kuingiza keneli mpya katika toleo lilelile, hivyo inafaa kwa asiyeweza kungoja. Rai yangu kwa wanaonunua mashine za kazi, hasa zaidi ya moja, ni kuchagua vipuri vilivyokaa sokoni kwa mwaka mmoja. Bei yake aghalabu huwa imeshuka, na mtu wa kupiga chapa na kuchapisha stakabadhi hatapungukiwa na lolote.

Kikwazo kinachokera zaidi, kwa maoni yangu, si kiwambo bali mtandao. Kadi ya mtandao isipotambuliwa, mtumiaji hujipata katika kitendawili: dawa ya kuurejesha mtandao imo mtandaoni.

Bodi kuu nyingi za kisasa zina chipu ya Realtek RTL8125 kwa ajili ya kebo. Keneli ilianza kuihudumia katika toleo la 5.4 la Novemba 2019, kwa hivyo leo si tatizo tena. Kwa Wi-Fi lazima uangalifu uzidi. Chipu ya MediaTek MT7925, mathalani, ilipata draiva katika keneli 6.7 ya Januari 2024. Ukiilinganisha na keneli 6.1 ya Debian 12, jibu unalo.

Chipu za Wi-Fi za Intel kwa jumla zimekuwa na sifa nzuri, kwani kampuni hiyo huandika draiva na kuziingiza katika keneli yenyewe. Za Broadcom zimewatoa watu jasho kwa miaka mingi, kwa sababu baadhi zinahitaji draiva iliyofungwa isiyokuwamo ndani ya keneli.

Kisha kuna vile vidude vya Wi-Fi vya kuchomeka kwenye USB. Hapa mnunuzi hawezi kuliamini jina lililo kwenye boksi. TP-Link iliuza kidude kiitwacho TL-WN722N ambacho toleo lake la kwanza lilikuwa na chipu ya Atheros iliyofanya kazi barabara katika Linux. Toleo la pili likaja na jina lilelile na umbo lilelile, ila ndani mlikuwa na chipu ya Realtek iliyohitaji draiva tofauti. Waliosoma sifa za la kwanza wakanunua la pili, na hawakuelewa kilichowapata. Tofauti ilikuwa alama ndogo tu, V1 au V2, iliyoandikwa kwenye kibandiko.

Mtu aliyekwama katika kitendawili hicho ana njia ya kutokea ambayo huenda anayo mfukoni. Simu ya Android ikiunganishwa na tarakilishi kwa waya wa USB, kisha ikaamriwa kushiriki intaneti kupitia waya huo, Linux huiona kama kadi ya mtandao bila kuhitaji draiva ya ziada. Bando dogo litatosha kupakua kinachokosekana.

Tukirejea kwa grafiki, haiwezekani kuinyamazia Nvidia. Kwa miaka mingi kampuni hii ilitoa draiva iliyofungwa ambayo wasanidi wa keneli hawakuweza kuikagua. Mwaka wa 2012, akizungumza katika Chuo Kikuu cha Aalto, Finland, Torvalds aliikemea hadharani kwa ishara ya kidole isiyoweza kuelezwa katika ukurasa huu.

Mambo yamebadilika kiasi. Mnamo Mei 2022 Nvidia ilifungua sehemu ya draiva inayoingia katika keneli, na kadi zake za RTX 50 zilizoanza kuuzwa 2025 hulazimu sehemu hiyo iliyo wazi itumike, pamoja na draiva ya toleo la 570 kwenda juu. Kadi hizi hufanya kazi vizuri katika Linux, lakini mtumiaji lazima aisakinishe draiva kando na kuhakikisha inaafikiana na keneli yake kila inaposasishwa. AMD na Intel hazina adha hiyo. Asiyekuwa na haja maalumu ya Nvidia, kama vile kazi za akili unde, ajiepushie usumbufu.

Wanunuzi wa mtumba nao wana la kuzingatia hapo. Nvidia ilitangaza mwaka wa 2025 kwamba draiva za safu ya 580 ndizo za mwisho kuzihudumia kadi za GTX 900 na GTX 1000. Hii ndiyo hatari ya draiva inayomilikiwa na kampuni moja: kampuni ikichoka, kadi nzima inazeeka kwa amri.

Kwa kadi za AMD, kizuizi kimoja hakikuwa cha kiufundi hata kidogo. Mnamo Februari 2024 ilibainika kwamba muungano unaosimamia kiwango cha HDMI umeikatalia AMD kuchapisha draiva huria yenye uwezo wa HDMI 2.1. Anayetaka kiwambo cha 4K chenye kasi ya picha 120 kwa sekunde ni afadhali atumie waya wa DisplayPort.

Yamesalia mawili ambayo hudhaniwa kuwa ubovu wa mashine. La kwanza ni diski kutoonekana. Baadhi ya tarakilishi zenye prosesa za Intel hutoka kiwandani zikiwa zimeweka diski chini ya mpangilio uitwao RST au VMD, na kisakinishi cha Linux huenda kikadai hakuna diski yoyote. Huzimwa ndani ya BIOS kwa kuchagua AHCI. Tahadhari: ikiwa mashine ina Windows unayotaka kuihifadhi, huenda ikakataa kuwaka baada ya badiliko hilo, hivyo hifadhi faili zako mapema.

La pili ni Secure Boot, kinga inayozuia programu isiyotiwa saini kuwaka kabla ya mfumo. Ubuntu, Debian na Fedora huwaka huku kinga hiyo ikiwa imewashwa. Shida hutokea mtu anapoongeza draiva ya nje, kama ile ya Nvidia. Mashine ikiwashwa tena, kiwambo cha buluu hutokea kikiomba nenosiri lililowekwa wakati wa usakinishaji. Wengi hukipita wakidhani ni hitilafu, kisha wanashangaa draiva haifanyi kazi.

Sauti katika tarakilishi za mezani haisumbui sana. Printa za kisasa zinazopokea kazi kupitia mtandao huhitaji maandalizi kidogo, na za HP zina programu yake maalumu ya Linux. Printa za bei ya chini zisizotaja chochote ila Windows kwenye boksi ziogope.

Hayo yote yanaweza kupimwa kabla ya pesa kutoka mfukoni. Ubuntu na wenzake huweza kuwashwa kutoka kwa flashi ya GB 8 au zaidi na kutumika bila kugusa diski ya mashine. Tengeneza flashi hiyo nyumbani kwa programu ya Rufus au balenaEtcher, uende nayo dukani, umwombe muuzaji akuruhusu dakika kumi.

Katika dakika hizo unganisha Wi-Fi, chomeka kebo, cheza video, sikiliza sauti. Ilaze mashine na uiamshe, maana nyingine hulala na zikagoma kuamka. Kisha fungua dirisha la amri na uandike uname -r ili uone toleo la keneli, halafu lspci -nnk. Amri hii ya pili huorodhesha kila kifaa cha ndani pamoja na draiva inayokihudumia. Kifaa ambacho hakina mstari wa draiva huenda kikawa ndicho kitakachokunyima usingizi.

Katika orodha hiyo kila kifaa kina nambari mbili zilizotenganishwa kwa nukta pacha. Ya kwanza hutambulisha kampuni: 8086 ni Intel, 1002 ni AMD, 10de ni Nvidia na 10ec ni Realtek. Ya pili hutambulisha chipu yenyewe. Boksi laweza kudanganya, nambari hizo ni nadra. Zipige picha kwa simu, uzitafute mtandaoni pamoja na neno Linux, na kama kifaa kilikuwa bado hakijapata draiva, mwombe muuzaji aandike kwenye stakabadhi, kabla hujalipa, kwamba atakubadilishia.